Kufundisha Lugha si Kufundisha kwa Lugha

Lugha ya kigeni ni mali. Ajuaye lugha mbili husikia habari ambazo jirani yake hazisikii, hufanya biashara ambayo jirani yake haiwezi, na husoma vitabu ambavyo kwa jirani yake ni karatasi tupu. Neno hili halina mpinzani, na makala haya hayakuandikwa kulipinga. Jambo lipingwalo hapa ni jingine, ambalo kwa miaka mingi limetembea nyuma ya neno hilo jema kama mwizi afuatanaye na msafara wa harusi ili apite mlangoni bila kuulizwa. Jambo lenyewe ni hili: mtoto wa Kitanzania anapofika katika miaka ya kati ya shule, yaani umri wa miaka kumi na tatu au kumi na minne, huondolewa ghafula katika lugha aielewayo, akafundishwa elimu zote kwa lugha ambayo bado hajafundishwa, kisha wakubwa husema kwamba anajifunza Kiingereza. Hajifunzi Kiingereza. Ananyimwa elimu kwa Kiingereza, na Kiingereza chenyewe hakipati.

Kigonsera ni mahali pafaapo kupimia shauri hili. Iko katika wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma, katika njia itokayo Songea kwenda Mbinga. Wabenedikti waliotoka Ujerumani walijenga misheni yao hapo mwaka 1899, mwaka mmoja baada ya Peramiho, na leo pana shule ya sekondari ya serikali ijulikanayo mbali na mkoa ule. Ni sehemu chache za Tanzania zilizopitiwa na lugha nyingi kama nchi hii. Milimani watu husema Kimatengo. Upande wa Songea husema Kingoni. Ziwani, Mbamba Bay na Liuli, husema Kinyasa. Ng'ambo ya maji, katika kisiwa cha Likoma, husemwa Kinyanja, na wamisionari wa Kiingereza wa UMCA waliokaa kisiwani humo tangu miaka ya 1880 walihubiri kwa lugha hiyo. Ukienda kusini ukavuka mpaka, unaingia Msumbiji, ambako shule na ofisi hutumia Kireno. Kijerumani kilikuja na serikali yake, kikaondoka nayo. Kilatini kiliimbwa kanisani hata miaka ya 1960. Kiingereza kilikuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kiswahili kiliwakuta watu wa lugha hizi zote, kikawaketisha katika baraza moja.

Watu wa nchi ya namna hii hawaogopi lugha ngeni. Mchuuzi wa ziwani hujifunza Kinyanja sokoni bila cheti wala mtihani. Mama wa Kimatengo huuza maharagwe kwa Kiswahili, hugombana na shemeji yake kwa Kimatengo, na humwitikia mkwewe wa Kingoni kwa Kingoni. Kwa hiyo, kijana wa nchi hii amalizapo miaka minne ya sekondari bila kuweza kuandika barua moja timamu ya Kiingereza, kosa lisitafutwe katika kichwa chake. Kichwa hicho kilikwisha kuzipokea lugha mbili au tatu kabla ya jino lake la mwisho kuota. Kosa litafutwe katika njia aliyopitishwa.

Njia yenyewe ni hii. Mtoto wa kijijini karibu na Kigonsera hunyonya Kimatengo. Aingiapo shule ya msingi hufundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza huwa somo moja miongoni mwa masomo. Akishinda mtihani huingia kidato cha kwanza. Hapo, isipokuwa katika somo la Kiswahili na masomo mengine machache, kila mlango aliokuwa akiingilia umefungwa. Jiografia, biolojia, hesabu, fizikia na kemia zote zimegeuka lugha wakati wa likizo moja. Shule nyingi humpa majuma machache ya matayarisho ya Kiingereza. Ni nani aliyefundishwa kuogelea kwa majuma machache, kisha akaambiwa avuke Ziwa Nyasa? Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 imebadili mengi katika hesabu ya miaka ya shule na katika aina za masomo, walakini mruko huu haikuuondoa.

Na utazamwe mfano wa somo la jiografia. Mwalimu anafundisha mmomonyoko wa udongo na jinsi ya kuuzuia. Wanafunzi walioketi mbele yake ni watoto wa Wamatengo, na Wamatengo ni mabingwa wa jambo hilo tangu zamani. Katika miteremko mikali ya milima yao hufyeka majani, huyalaza yakiwa yamekauka katika mistari ikatayo mistari kama nyavu, kisha huchimba udongo wa katikati na kuyafunika majani. Hubaki mashimo yaliyozungukwa na matuta, na kilimo hicho huitwa ngoro. Mvua ikinyesha, maji hukaa mashimoni badala ya kushuka na udongo bondeni. Majani huoza chini ya matuta yakawa mbolea. Wataalamu wa kilimo wametoka nchi za mbali kuja kuitazama ngoro na kuandika habari zake. Lakini mtoto aliyechimba ngoro na mama yake asubuhi ya Jumamosi huketi darasani Jumatatu akinakili kwa Kiingereza maneno juu ya kuhifadhi udongo, asijue kwamba habari anayoinakili ni habari ya shamba la mama yake. Angeulizwa kwa Kiswahili angemfundisha mwalimu. Anaulizwa kwa Kiingereza, ananyamaza, na ukimya wake huandikwa kuwa ujinga.

Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto wa Mbamba Bay katika somo la biolojia. Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote jingine duniani. Mtoto wa mvuvi hutofautisha mbasa na usipa tangu hajajua kuhesabu. Hujua samaki gani hupanda mtoni kuzaa na yupi hukaa miambani. Huo ndio msingi wa elimu ya viumbe: kutazama, kutofautisha na kupanga. Mwalimu mwenye lugha moja na mtoto huyo angejenga juu ya msingi huo. Mwalimu aliyelazimishwa lugha nyingine hana budi kuuacha msingi, akaanza kujenga hewani.

Walimu wenyewe wanayajua haya, na wengi wao wana huruma. Mwalimu mwenye huruma hueleza somo kwa Kiswahili, halafu huandika ubaoni muhtasari wa Kiingereza ili wanafunzi waukariri kwa ajili ya mtihani. Hufanya hivyo kwa siri kama mtu avunjaye sheria, na penginepo juu ya mlango wa darasa lake pana kibao kiamuricho kwamba Kiingereza tu ndicho kisemwe. Hali hii ina madhara mawili. Kwanza, elimu hupungua, kwa sababu kilichokaririwa bila kueleweka hakikai. Pili, Kiingereza nacho hakiongezeki, kwa sababu kunakili muhtasari si kujifunza lugha. Mwanafunzi hutoka na maneno kadha ya jiografia na kadha ya kemia, lakini hawezi kuuliza njia, kutoa udhuru, wala kusoma gazeti. Amelipa bei ya vitu viwili, hakupewa hata kimoja.

Wako watu wasemao kwamba mtoto hujifunza lugha kwa kuzamishwa ndani yake, na kwamba akizungukwa na Kiingereza mchana kutwa kitamwingia. Hoja hii ina ukweli uliowekwa mahali pasipo pake. Padri Johannes Häfliger, Mbenedikti, alichapisha msamiati wa Kimatengo mwaka 1909. Karibu karne moja baadaye, mwaka 2006, Nobuko Yoneda, mtaalamu wa isimu kutoka Japani, alichapisha msamiati mwingine wa lugha hiyo hiyo. Mgeni aliyetaka Kimatengo aliweza kuzama kwa kuwa maji yalikuwapo: aliamkiwa kwa Kimatengo asubuhi, akapita katikati ya watoto wachezao kwa Kimatengo, na wazee wakamsahihisha. Kigonsera, Kiingereza kiko wapi cha kumzamisha mtoto? Hakiko sokoni, hakiko shambani, hakiko kanisani wala msikitini, hakiko nyumbani. Kiko katika kinywa cha mwalimu mmoja ambaye naye alikipata kwa mwalimu wa namna yake. Kumzamisha mtu katika sufuria ya maji si kumfundisha kuogelea. Tena wageni wale wawili hawakuutegemea mzamo peke yake. Waliandika maneno, wakayapanga, wakayalinganisha na lugha zao. Yaani waliifanya lugha kuwa somo.

Wengine huwataja wazee waliosoma shule za kati wakati wa ukoloni, madarasa ya tano hadi ya nane, wakauliza mbona wazee hao wakijua Kiingereza kizuri. Ni kweli wengi wao walikijua. Lakini waliofika madarasa hayo walikuwa wachache mno, waliochujwa na kuchujwa tena, na nyuma yao walibaki watoto wengi ambao hakuna awatajaye kwa kuwa hawakupata kuonekana. Zaidi ya hayo, wachache hao walifundishwa Kiingereza kwanza kama lugha: sarufi, imla, insha, tafsiri na vitabu vya kusoma; ndipo walipopewa elimu nyingine kwa lugha hiyo. Anayetaka kuwafuata wazee na afuate njia yao yote. Achukuaye tunda akaacha mti asishangae mwaka wa pili akikosa mavuno.

Yako maneno mazito zaidi. Mwalimu Julius Nyerere alipata kukiita Kiingereza Kiswahili cha dunia, na neno hilo hutolewa kama hukumu ya mwisho. Na likubaliwe lilivyo. Lakini litafsiriwe kwa matendo ya msemaji. Nyerere aliyakamata maandishi ya Shakespeare akayaleta nyumbani: tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mtu awezaye kufanya hivyo ameshika lugha mbili kwa mikono miwili. Shule inayomnyang'anya mtoto mkono wa kwanza kabla ya kumpa wa pili haiwezi kumtoa mfasiri, itatoa kilema. Wafini na Waholanzi husoma hesabu na historia kwa lugha zao, na Kiingereza hukisoma kama somo. Hakuna asemaye kwamba hawakijui Kiingereza. Kama lugha ngeni ingejulikana kwa kufundishiwa tu, Tanzania ingewashinda hao zamani sana.

Hoja ya kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi haistahili kupewa nafasi kubwa, maana imekwisha kujibiwa na kazi. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Maneno hufa kwa kukosa kutumiwa, kama jembe liliwavyo na kutu ghalani. Kumlaumu mhunzi kwa kutu ya jembe ambalo mkulima amekataa kulichukua si haki.

Hoja iliyo na uzito wa kweli ni ya mzazi maskini. Yeye husema: wenye fedha huwapeleka watoto wao katika shule zifundishazo kwa Kiingereza tangu chekechea, mkimfundisha mwanangu kwa Kiswahili, watoto wa matajiri watachukua kazi zote. Mzazi huyu hakosei kuona hatari. Anakosea kufikiri kwamba hatari hiyo huondolewa na jina la lugha. Mtoto wa tajiri hufaulu kwa sababu ana vitabu, ana taa ya kusomea, ana mwalimu ambaye darasa lake si la watoto themanini, na aghalabu Kiingereza hukisikia kwao. Mtoto wa mkulima wa kahawa wa Mbinga hupewa chombo kilekile kikiwa kitupu, kisha wote wawili huulizwa nani amekunywa. Amri ya Kiingereza haiwafanyi sawa watoto hawa. Huziba macho ya watu wasione kuwa si sawa. Pamoja na hayo, mzazi huyu anastahili jibu la haki: shule moja haiwezi kubadili lugha peke yake wakati mitihani, vyuo na waajiri vinabaki palepale. Badiliko likija lazima liwe la taifa zima, kuanzia karatasi ya mtihani mpaka chuo kikuu, ama sivyo watakaoumia ni wale wale walioumia tangu mwanzo.

Wala haisemwi kwamba taifa halikushauriwa. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilitoa ripoti mwaka 1982, ikapendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985 na chuo kikuu mwaka 1992. Miaka hiyo ilipita kimya. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania wakaona kwamba kwa wengi wao hakitoshi kusomea masomo mengine. Hata hivyo wakashauri kiendelee kuwa lugha ya kufundishia. Tabibu aliona dawa haikumponya mgonjwa, akaagiza aendelee kuinywa. Baadaye Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway walifanya majaribio darasani, katika mradi ulioanza mwaka 2002, wakaonyesha kwamba wanafunzi wafundishwao kwa Kiswahili huuliza, hujibu na huelewa zaidi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili kutumika katika ngazi zote. Lakini mlango ulifunguliwa, hakuna aliyepita. Upande wa Zanzibar, sera ya mwaka 2006 ilielekea njia nyingine kabisa, ikaamuru hesabu na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano, yaani mruko uleule kwa watoto wadogo zaidi.

Liko jambo la mwisho, ambalo wapendao sana Kiingereza hawalitaji. Ikiwa nia ni lugha za kigeni, kwa nini iwe moja tu? Mtaala wa elimu ya msingi umeweka Kifaransa, Kiarabu na Kichina kuwa lugha za hiari, nayo ni hatua njema. Lakini mtoto wa Mbinga anakaa karibu na Msumbiji. Mto Ruvuma huanza katika nchi yake ya milima ndipo ukashuka kuwa mpaka. Wapigania uhuru wa FRELIMO walioanza vita Septemba 1964 walivuka mpaka huo, na wakimbizi wengi walipokewa upande huu mpaka Msumbiji ikapata uhuru Juni 1975. Kireno ni lugha mojawapo rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ambamo Kiswahili nacho kiliingizwa Agosti 2019. Kinyanja husemwa Malawi, Msumbiji na Zambia. Hizi ndizo lugha za kigeni ambazo mtoto wa Ruvuma angezitumia wiki ileile aliyojifunza, na mwalimu wa mazoezi angempata ng'ambo ya maji. Asiyefundisha lugha ya jirani, akadai kwamba anawaandaa watoto kwa dunia, ana dunia isiyo na majirani.

Basi yatakiwayo yanaweza kutajwa bila mafumbo. Tangu darasa la tano hadi kidato cha nne, Kiingereza kifundishwe kama lugha, kwa vipindi vingi zaidi kuliko sasa, na mwalimu aliyesomea kufundisha lugha; mwalimu wa kemia aachiwe kemia yake. Mafunzo hayo yasione haya kutumia Kiswahili: sarufi ilinganishwe, na tafsiri iwe zoezi la kila juma. Vitabu vya hadithi viwepo kwa idadi ya watoto, si nakala moja iliyofungiwa kabatini. Elimu nyingine zifundishwe na kutahiniwa kwa Kiswahili, na vyuo vijiandae kuwapokea watakaotoka huko. Na kila mkoa upewe nafasi ya kuongeza lugha ya jirani yake: Kireno na Kinyanja Ruvuma, Kifaransa Kigoma, Kiarabu kule ambako biashara na elimu ya dini vimekwisha kukitayarishia njia.

Gharama ni kubwa, na wako watakaoihesabu. Ni haki waihesabu. Lakini wakimaliza, na wahesabu pia gharama ya hali iliyopo: watoto wenye akili timamu waketio miaka minne katika ukimya, wakatoka wakiamini kwamba elimu haikuumbiwa watu wa kwao. Gharama hiyo haionekani katika vitabu vya hazina, kwa kuwa hulipwa na mtoto mmoja mmoja, kijijini kwake, baada ya kurudishiwa karatasi ya matokeo. Taifa lililopewa lugha moja ya kuwaunganisha watu wake wote, bahati ambayo mataifa mengi ya Afrika hayakuipata, haliwezi kudai kwamba halikuwa na njia nyingine.